Rangi ya Bure

Mliosoma juma lililopita mnajua kwamba mlango wa chumba chetu ulisimama hatimaye, na kwamba niliupiga picha pande zote mbili nikamtumia Dévote. Mliokosa gazeti msisumbuke. Nitawaambia kwa ufupi, maana aibu yangu siifichi tena.

Jina langu ni Moïse Namegabe. Natengeneza simu pale Rohero, kwenye meza moja chini ya mwavuli. Nilizaliwa Bukavu, nimeposa Bujumbura, na mahari nimekwisha kutoa. Lakini baba yake Dévote, mzee Révérien, shemasi wa kanisa kule Musaga, alisema binti yake hatatoka kwake kwenda kuishi chumba cha kupanga. Nikajibana mpaka mbavu zikaonekana, nikanunua nyumba Carama ambayo mwenyewe aliichoka kabla haijaisha: kuta zimesimama, mahindi yameota sebuleni, na juu ni mbingu tupu.

Fundi sikuweza kumlipa. Nikajiambia, mtu anayefungua simu vipande vipande na kuirudisha ikaongea, nyumba itamshindaje? Nikamwapia Dévote kwamba kila kitu nitafanya kwa mikono yangu, toka msumari wa kwanza mpaka brashi ya mwisho, na hakuna fundi atakayetia mguu. Dévote akafurahi mno. Akawaambia shangazi zake wote, wa mjini na wa milimani, na tangu hapo nikawa sina njia ya kurudi nyuma.

Mzee Révérien mwenyewe hakuwahi kufika. Yeye alituma masharti. Mwezi wa kwanza akataka mabati. Nikapiga mabati, nikaanguka mara mbili, mara ya pili juu ya mbuzi wa watu. Pasaka akataka sakafu ya simenti. Nikaimwaga, na paka wa jirani akapita juu yake kabla haijakauka. Nyayo zake ziko mpaka leo, zinaingia chumbani na hazitoki. Halafu akataka mlango wa mbao wenye kitasa kwenye chumba atakacholala binti yake.

Huo mlango ndio uliowachekesha juma lililopita. Simenti ilikuwa imeadimika mjini, kwa hiyo pengo kati ya fremu na ukuta nililiziba kwa magazeti yaliyokunjwa, likiwemo hili mnalosoma, mhariri anisamehe. Juu yake nikapaka simenti nyembamba, ile unayopaka huku unaomba. Kitasa nilikinunua Gatumba, cha mtumba, kizuri kabisa, ila mkono wa ndani haukuwepo. Nikasema si neno, atakayekuwa ndani atagonga.

Basi hapo ndipo tulipokuwa. Mlango umesimama, picha zimefika Musaga, na jibu la mzee likaja kupitia kwa Dévote: sasa rangi. Nyumba ikipakwa rangi, Jumapili saa tisa mzee atakuja na pasta na kwaya, wataiombea, na Jumamosi inayofuata ni harusi. Isipopakwa, harusi inasogea mpaka mwaka kesho.

Mwaka kesho. Tangu mwezi wa kwanza nilikuwa nakula maharage ya jioni asubuhi, ili jioni nisahau. Mwaka mwingine wa namna ile nisingeumaliza.

Jumatano, nikiwa kwenye meza yangu na sina hata ya kununua brashi, akaja kijana nadhifu aitwaye Maxime na simu iliyoingia maji. Wakati naikausha akaniambia anafanyia kazi kampuni mpya ya bia, bia inaitwa Korongo, na kwamba kampuni inatafuta nyumba zilizo kando ya barabara izipake rangi bure. Nikauliza, bure kabisa? Akasema bure kabisa, na wapakaji wanakuja nao. Nikauliza, kutakuwa na nembo? Akasema nembo ya wastani.

Nikamwambia ukweli kwamba ile si kabare ya kunywea watu bia, ni nyumba ya kuishi mtu na mke wake. Maxime akasema hakuna shida, nyumba ya kuishi nayo ni ukuta. Nikatia sahihi. Rangi haikuwa ya mikono yangu, najua, lakini nikajidanganya kwamba sahihi nayo nimeitia kwa mkono.

Ijumaa jioni nikapanda Carama na roho nyeupe. Nikapita nyumba yangu. Nikarudi. Nikapita tena.

Ilikuwa ya manjano, toka msingi hadi mabati, manjano ya kuumiza jino. Herufi nyekundu za KORONGO, kila moja ilikuwa na kimo changu. Katikati alisimama korongo mwenyewe, ndege mwenye miguu mirefu, amevaa miwani ya jua, amekumbatia chupa kwa bawa. Juu ya mlango waliandika BARIDI WAKATI WOTE. Na kwa kuwa Maxime ni mtu wa shukrani, aliniachia meza mbili za plastiki, viti vinane, sanduku la barafu, kreti tatu zilizojaa, aproni na kofia.

Niliketi kwenye kimoja cha vile viti vinane, nikakaa hapo mpaka mbu wakanifukuza.

Jumamosi asubuhi nilifungua mlango mswaki mdomoni nikakuta wanaume watatu wamekaa. Mmoja wao ni Térence, mwalimu mstaafu, nyumba yake ni ya nne kutoka kwangu, na tangu nihamie matofali yangu hajawahi kunisalimu. Siku hiyo aliniita patron, kama mwenye biashara.

"Patron, munafungua saa ngapi?"

Nikamwambia hapa ni nyumba ya mtu. Térence akamtazama korongo, akanitazama mimi, akauliza ni nyumba ya nani. Nikasema ni yangu.

"Basi, lete moja," akasema.

Sasa mtanilaumu, na mna haki. Lakini hebu fikirini. Kesho yake ilikuwa inakuja kwaya ya watu ishirini, na mtu hawezi kuita kwaya kuombea nyumba yake halafu asiipe hata Fanta. Fanta sikuwa nazo. Bia nilikuwa nazo, kreti tatu. Nikajiambia nitauza bia za wenye dhambi ninunue Fanta za watakatifu, halafu kila mtu atarudi kwake salama. Nikavaa aproni.

Jumapili asubuhi Fanta zilikuwa zimekwisha kununuliwa, zimepangwa chini ya kitanda. Nilikuwa na mpaka saa tisa kumfuta korongo. Nikachanganya chokaa, nikavaa tena aproni, na kofia, nikapanda ngazi, nikaanza kupaka. Chokaa iliniingia nywele, nyusi, masikio, mpaka Térence akasema nimezeeka haraka. Yeye na wenzake wawili walikuwa wameketi palepale, wananielekeza nilipoacha.

Nilizika herufi zote, nikazika kichwa na miwani, nikafika tumboni, chokaa ikaisha. Ikabaki chupa na miguu miwili mirefu. Mbaya zaidi, jua lilipopiga, chokaa ikakauka, na ilipokauka, korongo akaanza kurudi. Kwanza miwani.

Ilikuwa saa saba tu. Nikasema nitakimbia kwa jirani kuomba chokaa. Ndipo pikipiki ikasimama, akashuka mzee mmoja na suti ya kahawia na fimbo.

Alikuwa mzee Révérien, saa mbili kabla ya wakati, peke yake.

Lazima niwaeleze kwamba mimi na yeye tulionana mara moja tu, siku ya mahari. Siku ile nilivaa suti ya kuazima, na kama mjuavyo, siku ile bwana harusi ni kama kiti, wanaongea wasemaji wa pande mbili yeye anakaa. Sauti yangu hajawahi kuisikia. Na sasa nilikuwa mweupe toka kofia hadi kidevu.

Akatazama barabara juu na chini. Akamwuliza Térence kama anajua nyumba ya kijana mmoja Mushi, mtu wa kabila la Bukavu, Namegabe. Térence hajui hata jina langu. Akamwambia kwamba huyo hamjui, hapa ni kwa patron, jua ni kali, mzee akae kwanza.

Mzee akakaa. Akajipangusa shingo kwa kitambaa. Akatazama tena barabara, upande wa kwenda na upande wa kurudi. Musaga iko mwisho mwingine kabisa wa mji. Akaniashiria kwa kidole nisogee, akaninong'oneza:

"Mwanangu, iko ya baridi?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Weka mu kikombe ya chai," akasema.

Nikaenda ndani nikashika ukuta. Miaka mingapi huyu mtu amekuwa shemasi? Dévote aliniambia thelathini. Dévote aliniambia pia kwamba nyumbani kwao hata maji ya ndizi mbivu hayaingii, eti yanaweza kulala yakachacha. Nikamimina Korongo kwenye kikombe cha maua, nikakiweka juu ya kisahani, nikamtilia na kijiko.

Alikunywa akipuliza. Wallahi, mimi Mkristo nawaapia kwa kiapo cha majirani. Alipuliza kila funda, kana kwamba itamchoma, na kila alipopita mtu barabarani alikoroga.

Alipomaliza akasimama, akashika fimbo. Mtu mwenye akili angemwacha aende zake akaitafute nyumba, akazunguka Carama nzima mpaka saa tisa, na mimi nikapata nafasi ya kujiosha. Lakini mimi nimeishi Bujumbura miaka sita na adabu za hapa zimeniingia kwenye mifupa. Mgeni aliyesimama kuaga haondoki bila agashinguracumu, ile ya mwisho, ya kung'olea mkuki aliousimika mlangoni. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe unamwambia:

"Mzee, na agashinguracumu?"

Akaketi tena, polepole, akasema siku hizi hakuna mwenye kabare anayejua jambo hilo, na kwamba nimelelewa. Nikamimina. Na hiyo ya pili, wasomaji wangu, ndiyo iliyofungua kinywa.

Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema bado. Akasema yeye ana wanne, watatu wameolewa, na wa mwisho, Dévote, yuko mbioni kwenda kwa huyo Mushi. Nikauliza, huku nafuta meza iliyokwisha kufutika, kama huyo Mushi ni mtu mbaya.

"Apana," akasema. "Ndiyo shida. Angekuwa mubaya ningelala vizuri."

Akaniambia yote. Mama yake Dévote alifariki miaka minane iliyopita. Nyumba yake ya Musaga ina vyumba vinne, na asubuhi anasikia miguu ya mtu mmoja tu inakwenda kuwasha mbabula ya makaa, ni ya Dévote. Kijana alipokuja kuposa, yeye mzee alisema ndiyo, atasemaje, lakini moyo ulikataa. Ndipo akaanza masharti. Aliomba mabati akijua yatamshinda, yakapigwa. Aliomba sakafu, ikamwagwa. Mlango, akatumiwa picha, na pande zote mbili.

"Sasa ni rangi," akasema, akapuliza kikombe. "Nimetangulia mbele ya wenzangu juu ya kutafuta kosa. Nisipopata kosa leo, sina tena kitu ya kuomba. Naenda kulala mu nyumba ya vyumba vine, miye mumoja."

Miezi yote ile nilimwita majina, juu ya mabati, chini ya ngazi, majina ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Kumbe nilikuwa namjengea mtu upweke, bati kwa bati. Nilimwonea huruma kweli, na papo hapo nilimtaka binti yake vilevile kama jana, na hayo mawili hayakukaa vizuri pamoja kifuani.

Nikavua kofia. Nikasema:

"Mzee, mi naomba nikuambie kitu."

Hapo tukasikia ngoma.

Kwaya ilikuwa imepata lori la mchanga la bure, na wenye lifti ya bure hawachagui saa. Walikuwa wameshushwa kwenye kona, wanakuja wanaimba, vitambaa vyeupe kichwani, pasta mbele na Biblia kwapani, na kando yake Dévote kwenye kitenge kipya, anaangalia namba za nyumba.

Mzee Révérien alimwona binti yake. Akakiona kikombe. Akamwona korongo, ambaye sasa alikuwa amerudi mpaka shingoni. Akanishika aproni kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nifiche."

Nikamfanyaje? Nikamvuta ndani, nikamsukuma chumbani na kikombe chake, nikafunga mlango. Kitasa kikalia tak, vizuri kabisa, kama nilivyokisifia juma lililopita. Ndipo nikakumbuka kwamba ndani hakuna mkono.

Na nikakumbuka jambo la pili. Juu ya kitanda, ukutani, nilikuwa nimetundika picha ya mahari, kubwa, yenye kioo. Mimi nimekaa kulia na suti ya kuazima. Mzee Révérien yuko katikati.

Halafu sauti ikaja kupitia mbao, taratibu.

"Ni weye?"

"Ni miye, baba."

"Mu hii picha nimefunga macho."

"Ndiyo, baba. Ndiyo ilikuwa nzuri kupita zingine."

Nje ngoma zilikuwa zimefika kwa jirani.

"Yenye nilisema pale inje, ulisikia?"

"Apana, baba."

"Ulisikia."

"Nilisikia, baba."

Nilidhani atasema nifungue, atoke, aseme harusi hakuna. Akasema neno moja:

"Usifungue."

Nikatoka uani. Térence, Mungu ambariki, alikuwa amekwisha kuficha chupa chini ya meza, amevua kofia, anaimba na kwaya sauti ya nne, na anaijua. Pasta alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Akaniuliza ile miguu ni ya nini. Nikasema ni mapambo. Akauliza na BARIDI WAKATI WOTE, maana nayo ilikuwa imerudi. Nikasema nyumba haina joto.

Dévote hakuuliza. Alisoma ukuta mzima, pamoja na herufi nilizozika, halafu akanisoma mimi, chokaa, aproni, kofia mkononi. Nikamvuta kando nikamweleza: rangi ya bure, Maxime, nembo ya wastani. Nikamwambia Jumatatu nitanunua chokaa nyingine hata kwa kuuza meza yangu. Mdomo wake ulitetemeka, nikajua anazuia kicheko, nikaanza kupata uhai. Kisha akaniambia baba yake alitoka nyumbani saa sita, simu haishiki, je hajafika?

Nikasema sijamwona. Nilisema hivyo nikimtazama machoni. Andikeni huo kuwa uongo wangu wa kwanza kwake.

Pasta akasema jua linakwenda, mzee atatukuta kwenye maombi. Na kwa kuwa hii ni nyumba ya arusi, akasema, desturi yake yeye ni kuanza na chumba cha wenyewe.

Nilijaribu yote. Nikasema tuanze na jiko, jiko lina moshi mwingi, linahitaji sana maombi. Nikawapa Fanta kwa maneno, maana zenyewe zilikuwa chini ya kitanda alipo mzee. Pasta akawa amekwisha kuingia sebuleni, kwaya nyuma yake, na mimi nikajikuta mgongo wangu uko kwenye mlango.

Ikabidi nipoteze muda. Nikaanza hotuba. Nikawaeleza mbao nilizitoa wapi, nilizipiga randa kwa siku ngapi, kidole gani kilipoteza ukucha. Nikamshika Dévote mabega nikamsimamisha mbele ya wote, hatua mbili toka mlangoni, ili aone vizuri. Nikasema huu mlango, kuanzia bawaba mpaka fremu, ni kazi ya mikono yangu, hakuna fundi aliyetia mguu. Kwaya ikapiga makofi. Dévote akatabasamu mpaka nikasahau shida yangu.

Nyuma yangu, ndani ya chumba, mtu akakohoa.

Tabasamu likaondoka.

"Moïse," akasema, polepole. "Mu chumba yetu iko nani?"

Sasa nipimeni. Nikisema ukweli, shemasi wa miaka thelathini anatolewa mbele ya pasta wake na kwaya yake na kikombe cha bia mkononi, na harusi yangu anaizika yeye mwenyewe. Nikinyamaza, kuna mtu amefichwa chumbani kwangu, na kila mwanamke kwenye ile kwaya alikuwa amekwisha kumpa huyo mtu sketi.

"Ni fundi," nikasema.

Huo ni wa pili, na ndio ulioniuma.

"Fundi," Dévote akasema.

"Anamalizia kitu kidogo."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu.

"Uliniapia hakuna fundi. Niliwaambia shangazi zangu wote, huyu mwanaume amejenga yeye mwenyewe. Walicheka, mi nikasema mutaona." Macho yakaanza kumjaa maji. "Kama hii ni uongo, Moïse, na ingine ni ngapi?"

Miezi yote ile, mbuzi, maharage ya asubuhi, ukucha, vyote vilikuwa kweli, na sikuweza kuvitetea.

Pasta akakunja paji la uso. Akasema, kwanza fundi gani anafanya kazi siku ya Bwana. Halafu, kama ni fundi, mbona yuko kimya?

Tukasikiliza wote. Hata Térence alinyoosha shingo dirishani.

Na kutoka ndani ya chumba ikaja: ko. Ko. Ko.

Nyundo yangu. Niliiacha kwenye kreti ya Fanta. Mzee alikuwa amesikia kila neno, akaokota nyundo, akawa fundi. Shemasi wa kanisa, siku ya Jumapili, na suti yake ya kahawia, anagonga ili kuniokoa. Tangu mwezi wa kwanza mtu yule alikuwa ananitumia masharti, na hii ndiyo mara ya kwanza ananisaidia kujenga. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Ko. Ko. Ko.

Halafu nikasikia anagonga wapi.

Alikuwa anagonga fremu. Kwenye kona ya juu, upande wa bawaba, simenti yangu ilipasuka mstari mwembamba. Vumbi likamwagikia bega la pasta. Kwenye ule ufa ikachungulia ncha ya karatasi, na herufi za gazeti hili nikazitambua.

"Fundi," nikaita, sauti ikinitoka nyembamba, "polepole, fundi."

Nadhani alidhani nanogesha mchezo. Akaongeza nguvu.

Ukurasa wa kwanza ukatoka. Halafu wa michezo. Halafu kitita kizima kikaanguka miguuni pa Dévote, akainama kukiokota, akasoma tarehe, akainua macho kunitazama. Nyuma ya mgongo wangu nikahisi mbao zinanisukuma, taratibu, mlango na fremu yake na kitasa cha Gatumba, vyote pamoja, vinakuja.

Nikausukuma kwa mgongo. Nikausukuma kwa kichwa. Juu ya bega langu pengo likafunguka, na kwenye lile pengo nikaona nyundo, nikaona kisahani na kijiko chake. Miguu yangu ikaanza kuteleza kwenye sakafu niliyoimwaga mwenyewe, ikifuata nyayo za yule paka.

Na Dévote alikuwa palepale nilipomsimamisha, mbele ya wote, aone kazi ya mikono yangu.